Bei ya Parabela

Alhamisi, saa mbili asubuhi

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka rangi ya magari. Dirishani iliingia harufu ya pilipili hoho za kuchoma, maana ilikuwa Septemba na katika kila ua mjini Ruse palikuwa na bibi aliyeinamia bati la moto. Slavi Karadzhov alilifunga dirisha kwa kiganja.

"Sikilizeni. Sirudii."

Walikuwa wanne. Slavi mwenyewe, mwanamieleka wa zamani, shingo nene kuliko kichwa, masikio yamekunjamana kwa miaka ya kusuguliwa ulingoni. Gancho, aliyepigana naye timu moja na tangu hapo hajawahi kumbishia. Ventsi, dereva, mwembamba, anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kiganjani. Na Nevena Stambova, aliyekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, mkoba wake wa kazi magotini.

Nevena alikuwa mthamini. Miaka ya nyuma alikadiria bei za silaha za kale kwenye nyumba ya mnada kule Sofia, hadi siku walipomfukuza kwa kuupa upanga mmoja cheti cha karne isiyo yake. Siku hizi aliwafanyia kazi watu kama Slavi. Yeye alimchukia, Slavi alimdharau, na kazi ilikwenda.

Slavi alibandika picha ukutani. Mzee mrefu, amevaa suti iliyompwaya, ameshika ala ya ngozi nyeusi mbele ya kifua.

"Hristofor Yarumov. Daktari wa meno mstaafu. Anakaa peke yake, ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma ya bandari. Ana Parabela ya babu yake, bastola ya Kijerumani. Anataka kuikabidhi makumbusho ya mji, lakini kwanza anatafuta mthamini wa kumwandikia bei ili iwekewe bima. Akauliza kwa watu. Akaelekezwa kwa nani? Kwa shemeji yangu."

Gancho alicheka. Ventsi hakucheka.

"Saa tano Nevena anabisha hodi. Anaitwa Bi Kirova. Anaikagua. Ikiwa ni yenyewe, anafungua dirisha la mtaani, tunapanda. Ikiwa ni takataka, anakunywa kahawa ya mzee, anaaga, tunaenda kula."

"Bosi, si tuichukue tu," Gancho alisema, "halafu tuikague hapa?"

"Mjibu, profesa."

Nevena alimtazama Gancho kama mtu anayetazama kiatu chenye tope. "Kwa sababu Parabela tupu haifiki bei ya gari lenu bovu. Jeshi letu lilizinunua Berlin kabla ya vita kuu ya kwanza. Baadaye karakana za jeshi zikazivua rangi, zikabadilisha mitutu, zikachanganya vipande vya hii na ile. Nimeshika nyingi za namna hiyo. Ambayo haijaguswa, ikiwa na ala yake, magazini zake mbili, bisibisi yake, ufito wake wa kusafishia na kamba yake ya shingoni, vyote vya siku ile ile, hiyo sijawahi kuishika. Nimeisoma tu."

"Na hiyo ni bei gani?"

"Bei ya fleti."

Ventsi aliacha kutafuna.

"Saa saba mnunuzi wetu, Costel, anavuka daraja la mto kutoka Romania," Slavi aliendelea. "Anakuja hapa hapa. Anachukua seti kamili, hataki vipande. Ndiyo maana tunamlisha huyu mwanamke. Jambo la mwisho. Humo ndani hakuna kutajana majina. Atakayetaja jina namng'oa ulimi."

"Na mzee haguswi," Nevena alisema.

"Nani ana shida ya kumgusa babu wa miaka themanini?"

"Sijasikia jibu."

"Usinijaribu."

"Sijasikia jibu, Slavi."

Slavi alimsogelea hadi Nevena akaona vinyweleo vya pua yake. "Haguswi. Umesikia sasa? Au nikuandikie kwa wino?"

Saa tano

Mzee Yarumov alifungua mlango akiwa ameshika mkongojo, na hakuusogeza mguu wake kumpisha mgeni.

"Wewe ndiye mthamini?"

"Ndiye mimi, mzee. Kirova."

"Nilitegemea mwanamume."

"Na mimi nilitegemea kukaribishwa."

Mzee alimtazama. Kisha akasogea, kwa shida, kama aliyeshindwa hoja ndogo. "Ingia. Futa viatu. Wathamini nawajua, wezi waliovaa tai. Mmoja alikuja kuangalia saa ya marehemu mke wangu, akasema ni ya bati. Mwezi mmoja baadaye naiona kwenye kioo cha duka."

Sebule ilikuwa na jiko la vigae la zamani, saa ya ukutani, na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Juu ya meza palikuwa na ala ya ngozi, ufito na kamba. Pembeni mzee aliweka kisahani chenye jamu ya cheri nyeupe na glasi ya maji baridi, kama wanavyofanya watu wa umri wake hata kwa mgeni wasiyempenda.

"Kula kwanza. Vidole vyenye njaa vinatetemeka."

Nevena alikula kijiko kimoja, akanywa maji, akafuta mikono, akavaa glavu nyembamba za pamba. Akafungua ala.

Alijua kabla hajaitoa. Ngozi ilikuwa imekauka sawasawa, nyuzi za mshono zilikuwa na rangi moja kutoka juu hadi chini, na ndani ya kifuniko, kwenye kijifuko chake, bisibisi ndogo ilikuwa imejichimbia umbo lake kwa miaka. Lakini hakutaka kuamini. Mara ngapi alikuwa ameona ala halali imebeba bastola ya kuokotezwa.

Aliitoa. Aliigeuza mwangani. Bluu yake ilikuwa bluu ya giza, ya kina, imekwaruzika pale tu ngozi ilipoisugua. Triga na loki ya usalama vilikuwa bado na ile rangi ya asali hafifu waliyoipika Berlin, ambayo karakana za jeshi hazikuwahi kuweza kuirudisha. Juu ya goti la chuma, lile linalokunjika bastola inapopiga, simba wa ufalme alisimama na taji lake, kila unywele wa manyoya yake unaonekana. Kwenye loki kulikuwa na neno "moto" kwa Kibulgaria cha tahajia ya kale, pamoja na ile herufi ya mwisho isiyotamkwa ambayo shule zilikwisha kuifuta. Kingo za herufi zilikuwa kali. Alipitisha ukucha, ukakwama.

"Naomba kuifungua, mzee."

"Fungua. Ukipoteza kipande nitakupoteza na wewe."

Aliivua kipande kwa kipande na kuvipanga juu ya kitambaa. Namba ile ile kwenye mtutu. Ile ile kwenye bamba la ubavuni. Tarakimu zake za mwisho kwenye pini, kwenye triga, kwenye loki. Alichukua magazini ya kwanza, akaigeuza kitako cha mbao. Namba ile ile. Akachukua ya pili. Ile ile. Aliilaza sambamba na ya kwanza.

"Imekaaje hivi?" aliuliza, na sauti ilimtoka kwa heshima ambayo hakuipanga.

"Babu alikuwa luteni. Tuliposhindwa vita, walikuja wageni kukusanya silaha zetu zote. Yeye akaizika ndani ya mzinga wa nyuki. Nani anatia mkono humo? Baadaye wakaja wakubwa wengine, na wao wakataka silaha. Baba akaifungia ukutani, nyuma ya kiti changu cha kung'olea meno. Miaka yote ile maafisa wa chama cha kikomunisti wamekaa mdomo wazi, migongo yao imeielekea, na mimi nawachimba bila ganzi." Kwa mara ya kwanza mzee aliachia kitu kama tabasamu, lakini kikali. "Basi. Niambie. Na usinidanganye, nimekaa na vinywa vya watu maisha yangu yote. Mwongo namjua kabla hajafumbua kinywa."

Nevena aliiunganisha tena bastola, polepole. Angeweza kusema ni ya kuunga-unga. Kahawa, kwaheri, wakale. Slavi asingejua kamwe. Lakini kitu kile kilikuwa mkononi mwake, kizima, na asipofungua dirisha kingekwenda kukaa nyuma ya kioo cha makumbusho ambako yeye, na cheti chake kilichofutwa, asingeruhusiwa hata kukipangusa vumbi. Akifungua dirisha, angeishika tena saa saba. Angekuwa yeye aliyeipata. Hilo ndilo lililomshinda, wala si fleti.

"Kuna joto humu, mzee," alisema. "Naomba nifungue dirisha."

Walipanda ngazi kimya kwa watu wakubwa hivyo. Mlango haukuwa na komeo la maana. Slavi aliingia kwanza, soksi usoni, Gancho nyuma yake. Mzee Yarumov hakupiga kelele. Alimgeukia Nevena kwanza, akamtazama mara moja tu, halafu akalalia meza na kuikumbatia ala kwa mikono miwili.

"Iachie, babu," Slavi alisema.

"Njoo uichukue, mwana wa mbwa."

Gancho aliichukua. Alimshika mzee bega, akamng'oa mezani kama anayeng'oa kabichi, na mzee alipouinua mkongojo, Gancho alimpiga kiwiko. Mzee aliangukia kona ya jiko la vigae. Mkono wake wa kushoto ulitoa sauti ya mfupa unaovunjika.

"Tulikubaliana," alisema.

Slavi alikuwa anakusanya vitu mezani na kuvitia ndani ya begi: bastola, ala, ufito, kamba. "Nilikubaliana na wewe. Huyu hakuwemo." Akafunga zipu. Kisha akageuka mlangoni, akaongea kwa sauti ya kutosha, kila silabi imenyooka, kama mwalimu anayeita majina darasani.

"Twende, Nevena Stambova."

Pale sakafuni, mzee alifumbua macho.

Saa sita kasoro robo

Ventsi aliendesha kwa utulivu kupitia mitaa ya nyuma. Nevena alikaa kiti cha nyuma pamoja na Gancho, glavu za pamba bado mikononi, akitazama kisogo cha Slavi.

Sasa alikuwa ameuelewa mpango wote. Wawili waliingia na soksi usoni. Mmoja aliingia na uso wake, akala jamu, na sasa ana jina. Polisi wangehitaji mtu, na mtu alikuwa tayari. Mwenye cheti kilichofutwa, mwenye historia. Na hapo Slavi angekuwa na sababu gani ya kumlipa?

"Kwa nini ulinitaja?"

"Nilikutaja? Ulimi uliteleza."

"Asubuhi ulisema utang'oa ndimi."

"Basi wangu nitaung'oa jioni," Slavi alisema, na Gancho akacheka.

Kwenye kioo cha ndani Nevena aliyaona macho ya Ventsi. Hayakuwa yakiangalia barabara. Yalikuwa yakimwangalia Slavi, kwa namna ya mtu anayehesabu zamu yake itafika lini.

Gerejini Ventsi aliegesha gari, akasema anakwenda kutupa namba za bandia za gari. Alitoka na ufunguo wa gari mfukoni. Nevena alimwona akipita dirishani, simu imebanwa sikioni, mkono wa pili unamwaga mbegu za alizeti chini. Hakumwambia mtu.

Saa saba

Costel alikuwa mtu mfupi, mwenye koti safi, na Kibulgaria chake kilikwenda kwa kuchechemea. Alikuja na vijana wawili walionyamaza. Hakukaa. Alitazama vitu vilivyotandazwa juu ya turubai, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akamtazama Nevena.

"Wewe ni mtaalamu? Sema."

Slavi alikunja mikono kifuani. "Msomee, profesa. Yote, tangu simba hadi bisibisi."

Nevena alisogea mezani. Aliichukua bastola, akaiinua dirishani. Bluu ya giza ilikunywa mwanga. Alitaka kuishika kidogo tu zaidi. Kisha akaiweka chini.

"Ni bandia."

Gancho alifunua mdomo. Slavi hakusogea.

"Bastola yenyewe ni ya zamani, sikatai," Nevena alimwambia Costel, taratibu, ili aelewe. "Lakini imetiwa rangi upya, na kazi ni nzuri. Tazama hapa kwenye triga. Hii rangi ya asali mtu aliipika jikoni. Namba za vitako vya magazini zimechongwa mwaka jana au juzi. Ala ni ya bastola nyingine. Watu wako wakiipeleka mnadani Vienna, watachekwa."

Costel aliinama, akatazama triga. Hakujua anachokitazama. Lakini shaka ilikuwa imeshaingia, na Nevena alijua kutokana na miaka yake ya kazi kwamba shaka ikishaingia kwenye kitu cha kale, haitoki hata kwa sabuni.

"Anadanganya," Slavi alisema. "Saa mbili zilizopita alisema ni yenyewe."

"Saa mbili zilizopita," Nevena alisema, "wewe ulisema mzee hataguswa."

Costel aliwatazama wote wawili. "Mzee yupi?"

Gancho aliinamisha kichwa.

"Ipo damu?" Costel aliuliza. "Slavi. Ipo damu kwenye hii kazi?"

"Ameteleza kidogo. Sikiliza, huyu mwanamke ana kinyongo na mimi, ndiyo maana—"

"Wewe unaleta chuma ya shaka, na damu, na mwanamke wa kinyongo." Costel alifunga kifungo cha koti. "Mimi nina mke. Sitaki."

Slavi alimshika mkono. Lilikuwa kosa. Kijana mmoja alitoa mguu wa kuku kutoka kiunoni, wa kisasa, mweusi, usio na simba wala taji, akauelekeza usoni kwa Slavi. Slavi aliachia. Watu watatu walitoka kinyumenyume, mlango wa bati ukabamizwa, na gari lao likaondoka kwa kasi kuelekea darajani.

"Bosi," Gancho alisema. Alikuwa ameduwaa kweli. "Kama ni bandia, basi nimemvunja yule babu mkono bure?"

"Si bandia, pumbavu wewe."

"Yeye ndiye anayejua. Wewe mwenyewe ulisema yeye ndiye anayejua."

Slavi alimpiga Nevena kofi la kwanza kwa kiganja na la pili kwa nyuma ya mkono. Alianguka juu ya kile kiti cha gari. Mdomo ulijaa chumvi ya damu. "Sema ni ya kweli. Sema mbele ya Gancho."

Nevena alitema sakafuni. "Tafuta mthamini mwingine."

Slavi alimnyanyua kwa ukosi wa blauzi, na hapo ndipo waliposikia magari. Hayakuwa na ving'ora. Yalikuwa yanafunga breki tu, moja baada ya jingine, kwenye kokoto za nje.

"Ventsi yuko wapi?" Slavi aliuliza.

Gancho alikwenda dirishani. "Gari halipo."

"Nimeuliza Ventsi yuko wapi."

"Ametuchoma, bosi," Gancho alisema, na akaketi chini polepole, mikono juu ya kichwa, kabla hata hajaambiwa. Slavi hakuketi. Ilichukua njagu wanne kumlaza juu ya turubai, na alipokuwa analazwa, ala ya ngozi ilibaki chini ya kifua chake. Nevena alijikuta akiwaambia polisi waiangalie ile ngozi, isikunjwe, imekauka. Mmoja wao alimtazama kama mwendawazimu, akamfunga pingu.

Machi, saa nne asubuhi

Kesi ilisikilizwa majira ya kuchipua. Ventsi alitoa ushahidi kwa ahadi ya kifungo chepesi, akaeleza kila kitu, pamoja na yale aliyoyasikia dirishani kabla ya kuondoka na yale ambayo Gancho alikuja kumsimulia mahabusu. Costel hakuonekana tena upande huu wa mto.

Kilichobaki kubishaniwa kilikuwa bei. Mwendesha mashtaka alisema kilichoibwa ni mali ya thamani kubwa sana, na kwa sheria hilo liliongeza miaka. Wakili wa Slavi, bwana mmoja laini aitwaye Pashev, alikuwa na jibu rahisi.

Lakini kabla ya hapo, kwenye korido, walipokuwa wamesimamishwa ukutani, Slavi alimwinamia Nevena. Alikuwa amepungua, ila shingo ilikuwa ile ile.

"Leo utafanya jambo moja la akili maishani mwako. Utanyamaza. Maneno yako ya gereji yanatutosha. Chuma chakavu, kila mtu anapunguziwa, hata wewe. Umenielewa?"

Nevena aliutazama mlango wa mahakama.

"Na ukiropoka, kule wanakokupeleka kuna wanawake wanaonijua. Wenye mikono mizito kuliko yangu."

"Funga domo, mshtakiwa," askari alisema.

Ndani, Pashev alisimama, akapapasa tai. "Mheshimiwa, mtaalamu wa polisi amekiri kwamba bastola inapiga, lakini kuhusu umri wa rangi na uhalali wa vifaa hawezi kuapa. Sasa, aliyekuwa mthamini kwa taaluma, yaani mshtakiwa wa tatu, aliikagua kwa mikono yake na kutamka mbele ya watu kuwa ni bandia. Kwa masikitiko, inaonekana Bwana Yarumov, ama kwa kutojua, ama kwa kujua vizuri, alikuwa anakwenda kuiuzia makumbusho ya mji wetu hadithi ya babu yake."

Mzee Yarumov alikaa safu ya mbele. Mkono wa kushoto ulilala mapajani, umepona vibaya, vidole vimejikunja. Alijaribu kusimama. Mjukuu wake, mwanamke mwenye nywele fupi, alimrudisha chini.

"Mimi siuzi," mzee alisema. "Sijawahi kuuza."

"Kaa, mzee," hakimu alisema. Alikuwa mwanamama mwenye miwani ya kamba, sauti ya uchovu. Alimgeukia Nevena. "Mshtakiwa wa tatu. Si lazima ujibu. Wakili wako atakushauri usijibu. Lakini nakuuliza. Ulisema ni bandia?"

"Nilisema, mheshimiwa."

"Ni bandia?"

Wakili wake alimvuta mkono. Nevena aliitazama meza ya vielelezo. Vyote vilikuwa pale ndani ya mifuko ya nailoni, vimebandikwa karatasi. Mtu aliisokomeza ala kwenye mfuko mdogo na pembe moja ya kifuniko ilikuwa imekunjika.

"Naomba kuishika," alisema.

Kulikuwa na mabishano. Mwishowe askari wawili walisimama ubavuni mwake, mmoja akahakikisha magazini hazina kitu, pingu zikafunguliwa. Nevena hakuwa na glavu. Alifuta mikono kwenye sketi ya mahabusu.

Aliitoa ala kwanza, akaunyoosha ule mkunjo kwa kidole gumba. Akaionyesha bisibisi ilivyozama kwenye kijifuko chake. Akaifungua bastola kipande kwa kipande, akamwonyesha hakimu namba, akamwomba apitishe ukucha wake mwenyewe kwenye herufi za loki. Hakimu alipitisha. Ukakwama.

"Ikisuguliwa ili itiwe rangi upya, kingo hizi huyeyuka, mheshimiwa. Hakuna fundi anayeweza kuziacha. Hii rangi ya asali kwenye triga nilisema imepikwa jikoni. Nilidanganya. Haipikiki. Magazini ni zake zote mbili. Kamba ni yake, tazama pete ilivyokula ngozi mahali pamoja tu. Haijaguswa na karakana yoyote, kwa sababu ilikuwa mzingani, halafu ilikuwa ukutani, kama anavyosema mwenyewe."

"Bei?"

"Bastola peke yake, leva elfu kumi na mbili. Pamoja na vifaa vyake, arobaini. Na kama mimi ndiye ningekuwa nauza, nisingeshuka hapo."

Slavi alisema kitu kwa sauti ya chini, tusi refu, linalogusa mama yake na mazishi yake. Askari alimkandamiza bega. Gancho, aliyekaa pembeni yake, alionekana kama aliyepumua. Angalau hakuuvunja ule mkono kwa ajili ya takataka.

Nevena hakujua kama alichokifanya alikifanya kwa ajili ya mzee au kwa ajili ya kumzamisha Slavi pamoja naye. Alijua tu kwamba kile kitu kilikuwa cha kweli, na kwamba mara mbili alikuwa amekitumia kwa faida yake mwenyewe, mara kwa dirisha na mara kwa uongo.

Alitazama safu ya mbele. Mzee Yarumov alikuwa akimtazama usoni, bila huruma, mdomoni hasa, kama daktari anayetafuta jino bovu.

"Huyo sasa hivi hadanganyi," mzee alimwambia mjukuu wake, kwa sauti iliyofika hadi nyuma. "Mwizi tu."

Hakimu alivua miwani. "Mshtakiwa wa tatu, unaelewa kwamba ulichokisema hivi punde kinakuongezea miaka?"

"Naelewa."

"Hakuna unachotaka kurekebisha?"

Nevena aliirudisha bastola ndani ya ala, akafunga kifuniko, akainyoosha mikono yake mbele ya askari mwenye pingu.

"Hiyo nailoni iondoeni," alisema. "Inashika unyevu."

Hakimu alimtazama kidogo, kisha akamgeukia karani.

"Andika. Arobaini elfu."